Uliza mtumbwi kwanza, muuzaji baadaye

Haya niliyasema Jumamosi moja alasiri kando ya ziwa Kivu, mtaa wa Nguba, hapa Bukavu, mbele ya vijana wa kupiga kafi na wazazi wao. Wameniomba niyaandike. Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni, isipokuwa pale nilipolazimika kurudia kwa sababu ya kelele za jenereta ya jirani.

Jambo yenu wamama, wapapa, na ninyi vijana mlioketi juu ya ukuta kana kwamba hamjaalikwa. Shukeni. Leo hakuna kusikiliza kwa mbali, leo ni kushika kwa mikono.

Mnauona huu mtumbwi mwekundu, umelala kifudifudi juu ya matairi mawili. Umetoka Jinja, Uganda, pale mto Nili unapotoka ziwa Victoria. Ulipakiwa juu ya lori, ukapita Kampala, ukapita Kigali, ukavuka mpaka pale Ruzizi, na sasa mzee aliyeuleta anataka dola mia tano. Vijana wamechanga. Jana jioni mmoja wao akanipigia simu: "Papa, kuja uangalie, iko mupya kabisa." Nikamuuliza: mpya kwa nani?

Mzee mwenyewe yupo, ameketi pale chini ya mwembe, na namheshimu. Sikuja kumwita mwongo. Yeye aliununua kwa mtu, na yule naye kwa mtu. Ndiyo maana leo simuulizi yeye. Nauuliza mtumbwi.

Kwanza tuelewane hiki ni chombo gani, maana nimesikia mama mmoja akisema kina upana wa kubeba mihogo kutoka kisiwa cha Idjwi. Mama, hapana. Hii si mitumbwi yetu ya kuvua sambaza, wale samaki wadogo, ile inayofungwa mitatu pamoja kwa miti mirefu, ikatoka jioni na taa zake na nyimbo za wapiga kafi. Huu ni mtumbwi wa maji makali. Mtu anapiga magoti ndani yake, hakai kwenye kiti. Tazameni kitako chake: kimepinda kama ndizi, pua imeinuka na mkia umeinuka. Ukiuweka katika maji yaliyotulia haupendi kwenda sawa, unataka kuzunguka tu. Ndivyo ulivyotakiwa. Katikati ya mawe na maji yanayokimbia, kinachookoa ni kugeuka upesi. Sasa chombo kilichopimwa kwa ajili ya kazi nyembamba namna hiyo, ukikipunguza sentimita tatu tu, si chombo kile tena.

Wapapa wenye magari watanielewa haraka. Hapa kwetu tunaendesha kulia, na magari mengi yanatufikia yakiwa na usukani upande wa kulia, kisha fundi anauhamishia kushoto. Kuna gari iliyohamishwa vizuri, inatembea miaka kumi. Kuna nyingine, ukiinama chini ya dashibodi unakuta waya zimefungwa kwa mfuko wa sukari. Nani anayenunua gari hapa Bukavu bila kuinama? Basi na mtumbwi huinamiwa.

Na kubadilishwa si dhambi. Hilo naomba mlishike kabla sijaanza kugusa kitu. Mtumbwi wa maji makali karibu daima hutoka kiwandani ukiwa mtupu au nusu mtupu, na mwenyewe huongeza: kigoda cha sponji ngumu cha kupanda kama farasi, mikanda ya kubana mapaja, mifuko ya hewa ya mbele na nyuma, kamba za kuizuia mifuko isiruke. Nikiona wa zamani usio na tundu hata moja, nitashuku zaidi. Swali ni jingine: nini kimebadilishwa, kimebadilishwa na mkono wa namna gani, na je, bei inajua?

Nililipia funzo hili kwa jasho langu. Nilifanya kazi Jinja miaka kadhaa, nikiosha na kutengeneza vyombo vya watalii, wakati ambapo maporomoko ya Bujagali bado yalikuwa yanaonekana, kabla ya bwawa lililozinduliwa 2012 kuyafunika. Nilijinyima, nikanunua mtumbwi wa kijani. Muuzaji akaniapia kwamba haujaguswa. Mimi nikatazama rangi, nikatazama kama unavuja, nikalipa. Siku ya kwanza kwenye wimbi la maana maji yaliingia kwa ubavu kana kwamba nimefungua mlango. Wimbi la pili nikawa nimekaa ndani ya beseni. Mtumbwi ukijaa lita mia nne za maji, umebeba kilo mia nne, na hapo kafi haina neno la kusema. Nilipoteza kafi, nikapoteza kiatu kimoja, na aibu hadi leo ninayo. Jioni fundi mmoja Mkanada, aliyekuwa ametengeneza mitumbwi tangu utotoni, akachukua mita, akapima kina cha katikati, akacheka bila kufungua mdomo. Mtu alikuwa ameukata ubavu wote, kushoto na kulia, sentimita tano, ili uwe mwepesi na mkono ufike majini kwa urahisi. Kwa mtu mfupi anayejua anachokifanya, sawa. Kwangu mimi ilikuwa ni kununua shati lililokatwa mikono nikidhani ni la baridi.

Haya, wawili mje hapa. Wewe mwenye fulana ya njano, na wewe binti. Tuugeuze. Polepole, si gunia la makaa.

Tunaanza nyuma, upande wa kulia. Vyombo vinavyotengenezwa Marekani kuanzia 1972 vina namba iliyochorwa au kubandikwa hapo, na vya Kanada pia huwa nayo. Sugua kwa kidole chenye mate, usisugue kwa sandpepa. Binti, soma. Mnasikia, herufi na tarakimu kumi na mbili. Herufi tatu za kwanza ni za kiwanda. Tano zinazofuata ni za chombo chenyewe. Mwisho ndiko kuna utamu: E898. E ni mwezi wa tano, maana A ni Januari. Nane inayofuata ni mwaka wa kutengenezwa, unaoishia na nane. Na 98 ni mwaka wa modeli. Mtumbwi huu ulizaliwa Mei 1998. Wewe wa fulana ya njano, una miaka mingapi? Basi mwite dada.

Mzee, uliwaambia ni wa 2016. Najua nawe uliambiwa. Lakini hata bila namba, mwili wake ungekataa. Angalieni hapa ukingoni palipochubuka, mtaona matabaka kama ya mkate: ngozi ya rangi nje, plastiki ngumu, sponji katikati, plastiki tena, ngozi tena. Hii inaitwa Royalex. Kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa mwili wa mitumbwi ya maji makali, kwa sababu ukiigonga kwenye jiwe inabonyea halafu inarudi. Kiwanda kiliacha kuitengeneza mwaka 2014. Baadaye kiwanda cha mitumbwi cha Esquif, Quebec, Kanada, wakatengeneza kitu cha kuiziba nafasi, wakakiita T-Formex. Kwa hiyo mtu akikuletea Royalex akakuambia ni ya miaka miwili mitatu iliyopita, mpe kiti, mpe maji, usimpe pesa.

Namba ikiwa imekwanguliwa yote, mimi huondoka. Hapo hatuzungumzii tena mageuzi, tunazungumzia wizi.

Sasa mita. Mama fundi cherehani, niazime yako. Tunapima vitu vitatu: urefu kutoka ncha hadi ncha, upana wa katikati, na kina. Kina ndicho watu wanachokisahau, kama nilivyokisahau mimi. Vuta kamba kutoka ukingo huu hadi ule, katikati kabisa, kisha shuka na mita kutoka kwenye kamba hadi sakafuni. Usikadirie kwa jicho. Tunapata... thelathini na tano na nusu.

Jana usiku kijana wetu alitafuta katalogi ya zamani ya kiwanda kwenye simu. Inasema kina cha katikati ni inchi 15. Inchi moja ni sentimita mbili na nusu na kidogo, kwa hiyo 15 ni 38. Tumepungukiwa na sentimita mbili na nusu. Mnaona? Inchi moja kamili. Aliyeukata alikuwa anafikiri kwa inchi, basi ulikatwa kabla haujafika Afrika. Chombo kinajua kusimulia safari zake.

Na kwa nini alikata? Hebu pitisheni kiganja juu ya ukingo. Ni mbao. Katalogi inasema ulitoka na ukingo wa plastiki wenye alumini ndani, uliopigwa ribiti. Mtu aliung'oa. Huenda ulikuwa umepinda, huenda alipenda mbao tu, mbao ni nzuri na zinatengenezeka hata hapa. Alipong'oa, matundu ya zamani ya ribiti yakabaki kwenye ubavu kama meno ya mtoto. Badala ya kuyaziba, akakata ubavu chini ya mstari wa matundu, akafunga mbao kwa visi, au skrubu kama wanavyosema Dar. Kazi safi. Mimi mwenyewe ningejivunia. Lakini ni inchi moja ya ukuta uliokuwa unazuia wimbi.

Mbao zina tabia nyingine, na hii hapa Bukavu hakuna atakayekuambia kwa sababu hatujui barafu ila ya kwenye friji. Katika nchi za baridi kali, Royalex na mbao havisinyai sawa. Visi zimevishika pamoja, kimoja kinataka kupungua, kingine kinakataa, na mwili unapasuka kuanzia kwenye tundu la visi kwenda chini. Wenye akili hulegeza visi kabla ya msimu wa baridi. Wengine hulala. Kwa hiyo ukikuta ukingo wa mbao kwenye mtumbwi uliotoka kwa wenye theluji, washa tochi na ufuate visi moja baada ya nyingine, ndani na nje. Binti, pitisha kucha yako hapa, chini ya visi ya saba. Unasikia? Kucha imekwama. Sasa tazama rangi: nyekundu ya hapa inang'aa kuliko ya pembeni. Ndani kuna kitambaa na gundi ya epoksi, urefu wa kidole. Ufa ulitibiwa. Ulitibiwa vizuri, kingo za kitambaa zimesuguliwa hadi zikalala. Kwangu hilo si tatizo. Tatizo ni rangi ya juu yake kupakwa ili usiulize.

Rangi mpya daima uiulize. Mtumbwi wa maji makali wenye tumbo linalong'aa kama meza ya sebuleni haujawahi kutumika, au unaficha kitu, na wa 1998 umetumika.

Sasa matundu. Kila tundu lina mwenyewe. Mkae na daftari, mchore mtumbwi, mwandike: tundu hili ni la kiti, hili la kamba ya mfuko wa hewa, hili la mbao ya kukingama inayoshika ubavu huu na ule. Lisilo na mwenyewe ndilo lenye habari. Hapa mbele kuna manne yaliyozibwa, na huku nyuma manne. Ni ya viti. Kumbe huu ulizaliwa mtumbwi wa watu wawili! Halafu mtu akatoa viti vyote viwili, akagandisha kigoda kimoja katikati, akaufanya wa mtu mmoja. Mageuzi ya kawaida sana, na mimi nayapenda, mtumbwi unakuwa na nafasi ya mifuko mikubwa ya hewa. Lakini vijana, ninyi mlikuwa mnapanga kupanda wawili wawili.

Nimeona mnavyotazamana. Ngojeni, haijaisha.

Angalieni hizi mbao mbili za kukingama. Zina vanishi ya zamani, ya rangi ya asali. Lakini mwisho wake, pale zinapogusana na ubavu, ni peupe, hakuna vanishi, na nyuzi za mti zinaonekana wazi. Zilifupishwa kwa msumeno. Ukifupisha mbao hizi, unavuta mbavu mbili zikaribiane juu, na mwili wote unajibu, hata kitako hubadilika sura. Wanaofanya hivyo wanataka kafi isimame karibu na mwili. Upana wa ukingo wetu umepungua sentimita tatu na kitu kulingana na katalogi. Hili ndilo ambalo jicho halioni kabisa bila mita.

Tuugeuze tena kifudifudi. Leteni ubao wa mwashi ulionyooka. Laza juu ya kitako, uguse katikati, kisha pima nafasi iliyobaki huku puani na kule mkiani. Nafasi hizo zisipolingana msipige kelele, viwanda vingine hutengeneza pua iliyoinuka zaidi kuliko mkia kwa makusudi. Cha kutisha ni ubao kugusa pembeni na kuacha mwanga katikati. Hapo mtumbwi umelala juani miaka mingi ukiwa umeegemezwa vibaya, na mgongo umeingia ndani. Wetu hauna. Weka vijiti viwili vilivyonyooka, kimoja kikingame mbele na kingine nyuma, ufumbe jicho moja kama seremala: vijiti vikilala sambamba, mwili haujasokotwa. Vimelala. Vizuri.

Hizi ngozi nene za puani na mkiani ni viraka vya kuzuia kuchubuka, kitambaa cha Kevlar kilicholoweshwa gundi. Ni vya kawaida, ila vinaweza kufunika tundu. Bonyeza kwa dole gumba kuzunguka. Gonga kwa sarafu. Mahali pazima panajibu kwa sauti kavu. Palipoachana ndani panasema "pu", kama parachichi lililoiva kupita kiasi. Sikilizeni mkiani... hapo. Mahali pamoja tu, pana ukubwa wa kiganja. Patatengenezwa.

Mtakutana pia na mitumbwi ya plastiki tupu, mwili mmoja kama bidoni ya mafuta. Hiyo gundi haiishiki vizuri. Hutibiwa kwa moto, kama mafundi wa Kadutu wanavyounga mabeseni, na kovu lake mnalijua wote.

Mwisho ni uzito. Vijana watatu, mbebeni hadi kwa mama muuza unga, mwombeni mizani ya magunia. Katalogi inatoa uzito, mizani itatoa wake. Chombo kilichokatwa kinapaswa kupungua. Kikiwa kimezidi, kuna gundi na viraka ambavyo hamjaviona.

Walikwenda, wakarudi. Ulikuwa mwepesi kidogo kuliko karatasi, kama ilivyotarajiwa. Hapo nikaruhusu maswali, na la kwanza likatoka kwa mama wa mihogo.

"Papa, sasa ni mzuri ama ni mubaya?"

Nikamwambia: mama, ni mtumbwi mzuri wa mtu mmoja mwenye ujuzi, na mmekuwa mnauziwa mtumbwi mpya wa watu wawili wanaojifunza. Kwa kazi yenu ya kujifunza hapa kwenye ghuba, ambako hakuna mawimbi ya mto, inchi iliyokatwa haitamwua mtu siku yenye utulivu. Ila upepo wa ziwa ukiamka mnaujua, na mifuko ya hewa haimo. Hesabuni bei ya mifuko hiyo ndani ya bei ya mtumbwi.

Kijana mmoja akauliza kama wanaweza kuuteremsha mto Ruzizi. Hapo nilisimama. Ruzizi unatoka hapa kwetu, kwenye mita 1,460 hivi, unafika Tanganyika ukiwa umeshuka karibu mita 700, na sehemu kubwa ya mshuko huo imo kwenye korongo la mwanzo, pamoja na mabwawa ya umeme. Sitazungumza habari hiyo na mtu ambaye leo ndiyo mara yake ya kwanza kupima kina.

Mzee wa chini ya mwembe alikuwa amenyamaza muda wote. Akainuka, akaja, akapitisha kucha yake chini ya visi ya saba kama binti alivyofanya. Akarudia mara mbili. "Hata mimi sikuambiwa," akasema. Kisha akasogea pembeni na vijana, wakaanza kwa mia tano tena kama desturi inavyotaka, wakashuka, mtu akaondoka kwa hasira ya uongo, akaitwa. Waliposhikana mikono ilikuwa mia tatu na ishirini, na mzee akaongeza kafi mbili na kamba.

Binti ndiye aliyeomba awe wa kwanza kupiga magoti ndani. Tulimfunga jaketi la kuelea, tukausukuma, na kama nilivyosema, mtumbwi ukazunguka mara tatu mahali pamoja huku watu wakicheka. Mara ya nne akaujua. Upepo wa saa kumi ulikuwa umeanza kukunja maji upande wa Muhumba, tukamwita arudi.